Gurudumu la modulesheni si la vibrato tu: ninavyogawa kazi za vidhibiti kwenye kinanda cha Yamaha MOX

Mkuu, umeuliza kwa nini gurudumu la modulesheni la MOX6 yako linatetemesha tu sauti ya fidla, wakati wewe unataka sauti ianze ikiwa imefifia kisha ifunguke kadiri unavyolisukuma. Usikimbilie kununua kinanda kingine kama ulivyoshauriwa. Hicho ulichonacho kinaiweza kazi hiyo vizuri kabisa. Kiwandani gurudumu limeunganishwa na vibrato (mtetemo wa sauti), basi, na muunganisho huo unabadilishwa ndani ya kila sauti.

Lakini kabla hujagusa menyu, piga wimbo wako na uangalie ni kiungo gani kiko huru pale hasa unapotaka sauti ibadilike. Mimi hupiga sehemu za fidla kwenye taarabu. Fidla zinapomjibu mwimbaji, mkono wa kulia unatosha, kwa hiyo wa kushoto unakaa kwenye gurudumu. Kwenye bashraf, kipande cha ala tupu, mikono yote miwili ina kazi, na hapo gurudumu halinisaidii. Kazi ileile naihamishia kwenye pedali. Ukianza na menyu utaishia na sauti tamu sana usiyoweza kuiendesha mbele ya watu.

Haya, ingia kwenye sauti yenyewe, bonyeza EDIT, halafu COMMON, utafute ukurasa wa Control Set (mpangilio unaounganisha kidhibiti na kazi yake). Ziko sita kwa kila sauti, na kila moja inataka mambo matatu: chanzo (gurudumu, pedali, nobu), kinachoguswa, na kiasi, ambacho ni kati ya -64 na +63. Tafuta ile yenye gurudumu, uitoe kwenye LFO (kinachozalisha mtetemo wa vibrato), uipeleke kwenye katofu ya filta (mahali filta inapoanza kukata sauti). Anza na kiasi cha +20 hivi.

Wengi hukwama hapa: wanasukuma gurudumu hadi mwisho na hawasikii kitu, wakidhani wamekosea menyu. Gurudumu linaongeza juu ya thamani iliyopo. Kama filta tayari iko wazi, hakuna pa kuongeza. Kwa hiyo rudi kwenye kila elementi (tabaka) ya sauti hiyo, hakikisha aina ya filta ni ile inayokata sauti za juu (majina yake huanza na LPF), kisha shusha katofu mpaka fidla ifikie ufifu unaoukubali kwenye mahali patulivu zaidi pa wimbo. Baada ya hapo sukuma gurudumu hadi juu na urekebishe kiasi kwa sikio. Ncha zote mbili ziwe sauti unazoweza kuzipiga. Ukiona robo ya mwendo imeshamaliza mabadiliko yote, punguza kiasi. Risonansi (mkazo wa sauti zilizo karibu na katofu) nayo iweke chini. Ikiwa juu, filta inapofunguka husikika kama mluzi na fidla inapotea.

Filta ikifunguka, sauti pia hupanda nguvu na kumfunika mwimbaji. Chukua Control Set nyingine, chanzo kiwe gurudumu lilelile, kinachoguswa kiwe ujazo wa elementi, kiasi kiwe hasi kidogo, tuseme -8. Ya tatu nairudisha kwenye vibrato, kidogo mno, ili uzi uonekane kukazwa sauti inapokuwa kali. Hivyo kidhibiti kimoja kinaendesha vitu vitatu, na ndipo nyuzi zinapoanza kupumua. Pia kuna swichi ya elementi: sauti moja inaweza kuwa na elementi hadi 8, na si lazima zote zilifuate gurudumu. Zile za noti za chini huwa nazizimia swichi hiyo, zibaki zimetulia.

Kwa pedali, angalia kwenye menyu ya Utility kwamba inatuma ujumbe wa MIDI (lugha ya vinanda vya umeme) namba 11, si 7. Namba 7 ni ujazo wa jumla wa chaneli, namba 11 ni ekspresheni inayocheza ndani ya ujazo huo. Ukitumia 7, mguu wako utakuwa unavuruga mizani uliyoipanga kati ya sauti zako. Na usinunue pedali yoyote unayoikuta dukani: FC7 ya Yamaha na EV-5 ya Roland zimeunganishwa tofauti ndani ya plagi.

AfterTouch (kukandamiza ufunguo zaidi baada ya kuupiga) utaiona kwenye orodha ya vyanzo. Iache. Funguo za MOX hazitumi shinikizo hilo.

Umeuliza pia kuhusu robo sauti za Kiarabu (noti zilizo katikati ya funguo mbili za jirani): usizitafute kwa gurudumu la kupindisha sauti, hutaliweka mahali palepale mara mbili. Tumia Micro Tuning (mpangilio wa kurekebisha noti) ya sauti hiyo, gurudumu hilo la kupindisha libaki kwa ajili ya kuteleza kutoka noti hadi noti.

Ukimaliza, bonyeza STORE kabla hujachagua sauti nyingine, la sivyo kila ulichopanga kinafutika. Hifadhi kwenye benki ya USER kwa jina jipya, kisha utuambie pedali yako ni ipi.