Kuonja mvinyo nje kwenye baridi ya milimani

Dada yangu, umeuliza kama wewe na mumeo mwende kwenye ile wikendi ya kuonja mvinyo nje, milimani, majira ya baridi. Nendeni, ila msidanganywe na joto la pombe. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo unahisi uso unawaka kumbe joto la mwili ndilo linakutoka. Asivue mtu koti.

Mvinyo nao huathirika. Mwekundu hunoga kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ukipoa mno, harufu hujificha na ule ukakasi unaobana ulimi huzidi. Ukimiminiwa, kumbatia tumbo la glasi kwa viganja viwili, zungusha taratibu, kisha nusa upya. Wajuzi hukataza kushika glasi hivyo, lakini kwenye baridi ni sawa kabisa, na utasikia harufu ya matunda inavyojitokeza. Ndiyo maana napendelea glavu nyepesi. Wakiwa na mvinyo mtamu wa zabibu zilizochumwa zikiwa zimeganda, kama wanaotengeneza Kanada na Ujerumani, usiukose; huo hunywewa ukiwa baridi.

Kuleni kwanza, na mkishaonja temeni mvinyo bila aibu, ndiyo desturi ya uonjaji. Mji ukiwa juu ya mita 2,500, fikeni siku moja kabla, maana kichwa kinachouma kwa sababu ya mwinuko hufanana sana na cha pombe. Vaeni buti za soli nene. Na gari aendeshe asiyeonja.