Usianze na Sola: Somo Nililolinunua Vumawimbi kwa Kilo 12 za Tasi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Unguja aliniandikia ujumbe mfupi: "Ami, nina kigari cha keri, na nimenunua friji ya gari ya lita 40. Nataka kwenda kulala Makunduchi siku zote nne za Mwaka Kogwa. Ninunue sola ya wati ngapi?" Nilianza kumjibu kwa nambari moja, kisha nikaifuta. Nambari kama hiyo niliwahi kupewa mimi na muuzaji mmoja aliyekuwa na haraka ya kufunga duka, na ndiyo iliyosababisha niitwe jina ambalo mpaka leo sijalizoea.

Ilikuwa Februari, miaka mitatu iliyopita, kaskazi imeshika na joto la Pemba halipungui hata usiku wa manane. Nilikuwa nimeshakamilisha kila kitu, au nilidhani hivyo: friji ya kompresa, paneli ya wati 100 niliyoifunga juu ya keria ya pikapu, na betri ya pili iliyobandikwa karatasi mpya ubavuni yenye maandishi ya ampea-saa 100, yaani kiasi cha umeme inachoweza kuhifadhi. Nilipomuuliza muuzaji mbona betri yenyewe inafanana sana na ile ya gari langu, alicheka akanijibu, "Sheikh, betri ni betri, na jua la kwetu halina mshindani." Nilimwamini kwa sababu alisema kile nilichotaka kukisikia.

Tuliondoka Chake Chake asubuhi, mimi, shemeji yangu na watoto wanne, tukapitia Tumbe ambako nilinunua kilo 12 za tasi waliotoka majini muda ule ule, nikawapanga ndani ya friji wakiwa bado na joto la bahari, huku nikimweleza shemeji kwa sauti ya mwalimu kwamba zama za kubeba barafu zimekwisha. Tulipita katikati ya msitu wa Ngezi, tukafika ufuo wa Vumawimbi adhuhuri, na kwa kuwahurumia watoto na friji nikaegesha gari chini ya kivuli. Friji inapenda kivuli, hilo ni kweli. Nilichosahau ni kwamba paneli ilikuwa juu ya gari lile lile.

Kiasi cha saa nane za usiku friji ilinyamaza. Sikuusikia ukimya huo, kwa kuwa mawimbi ya pale yana kelele zake. Baada ya sala ya alfajiri shemeji alifungua mfuniko, akaufunga taratibu kama mtu aliyechungulia chumba cha mgonjwa, akasema, "Shemeji, kabati lako zuri, lakini nguo zimeanza kunuka." Samaki tuliwazika mchangani. Tangu siku hiyo, kwenye harusi na hata kwenye hitma, mimi ni Bwana Kabati, na wapo watoto wadogo katika ukoo wetu wanaodhani hilo ndilo jina langu.

Niliporudi nilimpelekea fundi mmoja wa Wete vifaa vyote. Hakugusa waya wala paneli. Aliinyanyua betri kwa mkono mmoja, akanitazama, akaiweka kwenye mizani ya karafuu ya jirani yake: kilo 17. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 iliyo ya kweli huwa na uzito wa karibu kilo 30. Niliyouziwa ilikuwa betri ya kuwashia gari, iliyovikwa karatasi ya uongo. Betri ya namna hiyo ina sahani nyingi nyembamba, zilizotengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache tu gari linapowashwa, na ukiikamua usiku kucha mara chache inakufa kabisa. Sikurudi kudai fedha zangu. Nilipita mbele ya duka lile mara mbili, nikaona haya kuingia, na haya hiyo inaniuma kuliko fedha.

Sisi tuliokulia Pemba kabla ya kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, tulipokuwa tukitegemea jenereta za Wesha, hatukuwa tukiuliza umeme ni mwingi kiasi gani. Tulikuwa tukiuliza utazimwa saa ngapi. Mtoto wa zama zile ndiye aliyekwenda Vumawimbi akihesabu jua na kuusahau usiku, na ndiyo maana namwambia kijana wangu wa keri asianze na sola. Aanze na friji yake: inakula kiasi gani kuanzia magharibi mpaka paneli itakapoanza kutoa umeme wa maana, yaani kiasi cha saa tatu asubuhi?

Mimi nilinunua mita ndogo inayohesabu wati-saa, yaani jumla ya umeme uliotumika, nikaiacha friji ifanye kazi barazani kwangu siku mbili katikati ya kaskazi. Kompresa ikiwaka hula kama wati 45, lakini haiwaki muda wote. Kwa saa 24 jumla ilikuwa wati-saa 480, sawa na ampea-saa 40 za betri ya volti 12, na zaidi ya nusu ya hizo zilitumika jua likiwa halipo. Nilipopima tena Julai, kusi ikivuma, jumla ilishuka hadi 310. Pima na wewe. Friji yako siyo yangu, na ukiijaza samaki wa moto kama nilivyofanya, kompresa haitapumzika mpaka betri iishe. Na kama ulichonacho ni kile kisanduku cha bei nafuu kisicho na kompresa, ambacho hula wati 50 mfululizo usiku na mchana na kupunguza joto la nje kwa nyuzi 20 hivi tu, kigeuze kiwe kiti.

Ukishaujua usiku wako, betri inajieleza yenyewe. Ya risasi usiitumie kupita nusu, kwa hiyo ile ya ampea-saa 100 inakupa 50 tu, yaani usiku mmoja na akiba ya asubuhi yenye mawingu. Ya lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 au zaidi, na uzito wake ni kama kilo 12, hivyo kipimo cha mizani ya karafuu hakifai kwake; ila hakikisha chaji kontrola yako, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unapoingia kwenye betri, ina mpangilio wa lithiamu.

Paneli ndiyo ya mwisho. Wati zilizoandikwa nyuma yake zimepimwa ikiwa na nyuzi 25, ilhali juu ya bati la gari mchana inapita 60 na kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ya wati 100 hunipa wati-saa 350 hivi siku njema, kwa hiyo wakati wa kaskazi ningekuwa na deni kila siku hata bila kivuli. Nacho kivuli ni adui wa ajabu, kwani seli zimeungwa kama mkufu, na kuti moja la mnazi likilala juu ya chache linaweza kuzinyima umeme nyingine nyingi. Siku hizi natumia wati 200 zisizofungwa kwenye keria: gari linakaa kivulini, paneli inakaa juani kwa waya mrefu.

Kuhusu waya, wengi wenu mnaoniandikia kwamba betri ni mpya na friji inazima, tatizo lenu liko hapa. Nami nilikuwa nimetumia waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, mita tano kwenda na tano kurudi, na karibu nusu volti ilikuwa ikipotea njiani. Friji ilidhani betri imekwisha, ikajizima kuilinda. Weka wa milimita mraba 6, fyuzi iwe karibu na betri, na kama betri siyo ile inayowasha gari, shusha kiwango cha ulinzi kwenye friji, yaani volti ambayo friji ikiifikia hujizima.

Mke wangu husema kwamba kwa fedha nilizotumia angeninunulia barafu ya miaka kumi, na kwa safari ya usiku mmoja ana haki kabisa. Nunua barafu, mwanangu, ulale kwa amani. Kwa siku nne za Makunduchi, pima kwanza, kisha ugandishe chupa za maji kwa umeme wa nyumbani usiku wa kuamkia safari na uzipange chini kabisa. Julai, mwezi wa Mwaka Kogwa, jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli ilalie huko kidogo, na kila asubuhi uifute chumvi kwa maji baridi yasiyo ya bahari.

Mwezi uliopita tulirudi Vumawimbi, usiku nne. Siku ya pili shemeji alitoka mwambani na pweza wawili, akasimama nyuma ya pikapu, akakohoa. "Bwana Kabati," akasema, "kuna nafasi humo?" Nilisogeza chupa, nikampisha aweke mwenyewe.