Kwa anayeandika hotuba yake ya kwanza ya kuomba udiwani

Kabla hujaandika hata salamu, andika sentensi ya mwisho. Unataka msikilizaji afanye nini akitoka hapo? Akupigie kura, ajiandikishe kabla daftari halijafungwa, au aje na jirani yake mkutano ujao? Chagua moja. Wagombea wengi niliowasaidia kuandika walikuwa na mengi ya kusema ila ombi lenyewe hawakuwa nalo.

Kisha chagua kero moja, zikizidi sana mbili, na iwe kero ambayo kiti hicho kina uwezo nayo. Diwani hatungi sheria za nchi wala hashiki mfuko peke yake. Hupeleka hoja kwenye baraza, hupigia kura bajeti, huwabana watendaji kwa maswali. Ukiahidi kushusha bei ya mafuta, anayeijua kazi hiyo atakuumbua mbele ya watu.

Kuhusu mpangilio, mimi bado natumia ule wa Alan Monroe, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, aliouandika miaka ya 1930. Una hatua 5: vuta usikivu, onyesha tatizo, toa suluhisho, wafanye watu waone hali itakavyokuwa, kisha waombe wachukue hatua. Wanaoanza kuandika hotuba hukimbilia suluhisho. Jamani, msiharakishe! Mtu hatafuti dawa kabla hajakubali kwamba anaumwa.

Chukua sentensi hii: "Nitaboresha miundombinu." Imepita masikioni, imekwenda. Sasa jaribu hivi: "Mtaro wa nyuma ya shule umeziba. Mvua ikinyesha, watoto wanavua viatu na kukanyaga maji machafu. Mkinichagua, kikao cha kwanza cha bajeti nitapeleka hoja uzibuliwe na ujengewe kingo." Mtaro unaonekana, hatua inajulikana, na mwakani mtu yeyote anaweza kukusimamisha njiani akuulize umefikia wapi. Kwangu mimi, kumpa mpiga kura ahadi anayoweza kuipima ndiko kumheshimu.

Hapo hapo jibu swali la fedha, kabla mpinzani hajaliuliza kwa niaba yako. Kama hujui zitatoka wapi, kasome bajeti ya halmashauri. Usibuni tarakimu.

Habari zako binafsi zisizidi sentensi tatu, na zote zigusane na kero uliyoichagua. Mpinzani mguse kwa alichofanya au alichoacha kufanya, si kwa ukoo wake wala maisha yake ya nyumbani.

Halafu kuna muda. Ukisema kwa utulivu, dakika moja hubeba maneno kama 120, kwa hiyo dakika 5 ni maneno 600 tu. Isome kwa sauti ukiwa umesimama. Unapoishiwa pumzi, sentensi hiyo ikate. Kariri mwanzo na ombi. Katikati andika vidokezo kwenye kikaratasi, ili ukiona watu wameanza kunong'onezana ujue ni wapi pa kuruka.