Barua kwa Mwanangu: Alama Nyekundu

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako unayoniuliza kama yafaa urudi chuoni kusomea shahada ya pili, ilhali umekwisha kufundisha miaka kumi na mwalimu wako mkuu asema uzoefu huo unatosha. Shahada nitaifikia. Kwanza nikueleze siku niliyotambua kwamba nilikuwa nimeacha kusoma, kwa maana mwalimu akiacha kusoma huanza kukariri.

Unalikumbuka lile daftari langu la maandalio ambalo mamako alilifunika kwa gazeti. Mwaka 1991 lilikuwa na umri wa miaka saba, na ndani yake niliandika kwamba bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapokuwa mpevu, basi. Mtoto mmoja wa darasa la sita, mwana wa mvuvi, aliandika katika jaribio kwamba huja mara mbili kwa mwezi, hata usiku usio na mwezi angani. Niliikata hoja yake kwa kalamu nyekundu kwa nguvu hata karatasi ikachanika, na aliponiambia kwamba babake ndiye aliyemfunza, nilimwamuru aketi huku wenzake wakimcheka.

Machi hiyo, jioni ya kuangalia mwezi wa Ramadhani, nilishuka Likoni, Mombasa, kupanda feri. Maji yalikuwa yamepanda mteremko wa gati mpaka yakanilowesha viatu, na wasukuma mikokoteni wakangoja juu kabisa. Nilitazama mbingu: hapakuwa na mwezi, watu ndio kwanza walikuwa wakiutafuta. Usiku huo nilifungua vitabu ambavyo sikuwa nimevigusa tangu chuo, nikasoma kwamba mvuto wa jua na wa mwezi huungana vikiwa upande mmoja, mwezi usipoonekana, na pia vikikabiliana, mwezi ukiwa mpevu, na kwamba ni katikati ya nyakati hizo ndipo tunapopata maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana.

Kesho yake nililifundisha somo upya. Nilijiambia kwamba hilo latosha, kwani darasa lilipata ukweli. La, halikutosha: sikutaja kwamba yule kijana alikuwa sahihi, na alama nyekundu ilibaki daftarini mwake. Labda niliogopa kupoteza heshima. Labda nilikuwa kijana tu. Lakini nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, si kijana wa kusamehewa hivyo.

Wewe nawe, mtaala wa umilisi, ule unaotazama anachoweza kufanya mtoto, ulipoingia kote nchini Kenya mwaka 2019, ulinilalamikia kwenye simu kwamba umerudishwa darasa la kwanza, nami nilifurahi kimoyomoyo, kwa maana mwalimu akiacha kusoma huanza kukariri.

Kuhusu shahada, natamani sana kukuambia nenda. Hata hivyo nimewajua wenye shahada mbili wanaosoma madaftari yaliyochakaa, na wavuvi wasiojua kuandika waliosahihisha walimu. Kwa hiyo uamuzi nakuachia, ingawa kwa taabu. Najua pia kwamba mshahara hautoshi. Fedha za karo zisipotosha, sehemu ya kiinua mgongo changu ingalipo benki, na mamako amekubali.

Ni mimi, babako.