Muulize Mwalimu: Nataka kufundisha, kumtumikia Mungu na kulitunza ziwa, nianzie wapi?

Mwangaluka wasomaji wangu wa huku Ziwa Victoria na nyie wa mbali. Barua za ualimu zimekuwa nyingi mwezi huu, nimechukua tatu zinazogusana, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana huyo binti kauliza kitu ambacho na mimi kilinisumbua miaka mingi.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 21 naishi Igombe, nimemaliza form six mchepuo wa CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) na nimefaulu vizuri tu. Nafundisha Sunday school kanisani kwetu tangu niko form three. Mchungaji wangu anasema niende chuo cha theolojia, mjomba anataka nisome mazingira ati ndo kwenye hela za miradi, mi mwenyewe roho yangu iko darasani, ila nikishuka mwaloni, pale inapofikia mitumbwi ya wavuvi, nikaona chupa na magugu yalivyojaa inaniuma kweli. Mama yangu anaanika dagaa, ziwa ndo limenisomesha. Je kuna kazi moja inayobeba vyote hivi au nichague kimoja niache vingine? Binti wa Igombe.

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hiyo sentensi ya ziwa kukusomesha nimeisoma mara tatu.

Nianze na jibu la moja kwa moja. Tangazo la kazi lenye hivyo vitu vyote kwa pamoja sijawahi kuliona, si kwenye ubao wa kanisa si kwenye Ajira Portal ya serikali, kwa hiyo ukikaa kulisubiri utakaa sana. Lakini watu wanaoifanya hiyo kazi nawafahamu, na karibu wote wameingilia mlango wa ualimu, mengine yakafuata. Kwa nini ualimu? Kwa sababu mwalimu anakaa. Mradi unakuja na magari na tisheti, miaka mitatu umeisha wamefunga ofisi wameondoka, mwalimu yeye yupo palepale anamfundisha mdogo wake yule aliyemfundisha juzi, na wazazi wanamjua kwa sura, anajua nani baba yake anavua kwa kokoro, ule wavu wa kukokota, na nani mama yake amefiwa. Huo ndo mtaji wako, na mjomba wako akiuona atanyamaza.

Njia yenyewe: shahada ya ualimu ni miaka 3, na wewe wa CBG chukua Biolojia na Jiografia kama masomo ya kufundishia, hapo umeshalibeba ziwa lote ndani ya silabasi. Hapa hapa Mwanza tuna SAUT pale Malimbe, ni chuo cha Kanisa Katoliki ila wanasoma watu wa madhehebu na dini zote, mizizi yake ni ile taasisi ya Nyegezi ya 1960 ikawa chuo kikuu 1998. Mchepuo unaoutaka usipouona hapo fungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, uangalie vyuo vingine, usikubali kubadilishiwa masomo kisa chuo kiko karibu na nyumbani. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, omba mapema, vyeti vya kuzaliwa na vya vifo vya mzazi kama vipo vianze kuhakikiwa sasa hivi maana hapo ndo wengi wanakwama.

Na theolojia je? Mchungaji wako hajakosea, ameona kitu ndani yako, mwambie hivyo kwa heshima. Ila theolojia unaweza kuisoma ukiwa mwalimu, vyuo vya Biblia vingi vina kozi za likizo, na utaisoma vizuri zaidi ukiwa na maswali uliyoulizwa na watoto na wavuvi kuliko ukienda mikono mitupu.

Sasa nikusimulie kitu, maana hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Nilikuwa nafundisha shule moja ya mwaloni, kijana bado, nina moto wa Mungu kwelikweli. Tukapanga na kanisa tupande miti, miche 200 ya miarobaini, siku ya sikukuu, kwaya ikaimba, tukaombea kila shimo, tulipanda kwenye uwanja wote ule wa wazi unaoelekea ziwani tukasema hapa patakuwa kivuli kizuri. Miezi minne baadaye hakuna mche hata mmoja. Mbuzi wamekula. Nikakasirika nikasema hawa watu hawajali mazingira, nikasema mpaka kanisani, na hilo neno mpaka leo naliombea msamaha. Kuna mama mmoja mtu mzima akaja jioni shuleni akaniambia taratibu, mwalimu, pale mlipopanda ndo tunapoanika dagaa, dagaa anataka jua, kivuli kikija pale dagaa anaoza na sisi watoto hawali. Hawakuwafungulia mbuzi kwa ubaya, waliwaacha tu wapite. Hakuna aliyekuwa amewauliza. Sisi tulikuja na Neno na miche, hatukuja na masikio.

Mwaka uliofuata tukawauliza wao kwanza. Wakasema pandeni nyuma ya madarasa na kando ya vyoo, na kila nyumba ipeni mpapai na mwembe mmoja mlangoni tutamwagilia wenyewe kwa maji ya kuoshea vyombo. Hiyo ilikua. Wewe mama yako anaanika dagaa, hilo kosa usingelifanya, unaona sasa kwa nini nakwambia una kitu ambacho hakifundishwi chuoni?

Kingine cha huku kwetu, ratiba. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai siku hizi za sola na betri, mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti dagaa na wavuvi wanapumzika. Sasa mwalimu mgeni anaitisha kikao cha wazazi katikati ya giza, anakuja mzee mmoja na kina mama watatu, anaandika ripoti kwamba mwitikio ni mdogo. Itisha wakati wa mbalamwezi! Wanaume wako nyumbani, wametulia, wanaongea mpaka usiku. Na watoto wanaosinzia darasani wiki za giza usiwachape, ulizia kwanza, wengine usiku wanasaidia kushusha au kuanika alfajiri kabla ya kengele, we panga mtihani wako wiki nyingine.

Upande wa imani nikwambie ninavyouona mimi. Mwanzo 2:15 imesema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, vitenzi viwili. Kuna wanaosikia kuilima tu, hao ndo wenye makokoro yanayozoa mpaka vifaranga vya samaki. Kuna wanaosikia kuitunza tu, hao wanamhubiria mvuvi kana kwamba yeye ndo shetani wa ziwa wakati ana watoto watano na mtumbwi wa mkopo. Kazi yako itakuwa kusimama katikati na hivyo vitenzi vyote viwili, na kwa kweli sio pa kusimama parahisi. Mimi nikiongea na wavuvi sianzi na Edeni, naenda Kumbukumbu la Torati 22, ule mstari wa 6 na wa 7, ukikuta kiota na ndege mama amelalia usimchukue mama pamoja na makinda, mama muache aende zake upate heri na siku zako ziwe nyingi. Wavuvi wanauelewa hapo hapo bila mahubiri, maana wanajua sangara jike mwenye mayai ni nini. Mzee mmoja aliniambia kumbe na Musa alikuwa mvuvi.

Na usiwafundishe watoto kwamba ziwa limeharibiwa na wavuvi peke yao, si kweli. Sangara mwenyewe aliletwa na watu miaka ya 1950 na kuendelea, furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa, wa aina nyingi wakapotea. Magugu maji yameingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na yanashiba kwa mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini, yetu sisi wa mjini humo humo, wapeleke watoto wakaone mto Mirongo unapita katikati ya jiji umebeba nini kuelekea ziwani. Halafu wasimulie na zuri, mbawakavu wanaokula magugu walivyoachiwa miaka ya 1990 magugu yakapungua sehemu kubwa, watoto wanalipenda sana hilo, mdudu mdogo vile.

Usisubiri shahada kuanza. Una darasa la Sunday school tayari. Makanisa mengi, Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, wanaadhimisha kipindi cha Uumbaji kuanzia 1 Septemba mpaka 4 Oktoba, ila kwetu Septemba bado kukavu, usipande, tumieni kuandaa vitalu na kukusanya viriba, mpande vuli ikishika Novemba. Na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, wa mwalo wenu mfuate umsalimie, mwambie we ni mtoto wa mama nani, kaa usikilize.

Habari za kazi mwalimu. Mimi ni mzazi wa Magu. Kijana wangu anafundisha shule ya dhehebu huu mwaka wa pili, kila Jumamosi anakwenda vijijini na kikundi cha kanisa kufundisha majiko banifu na bustani, hana mkataba wa maandishi na mshahara unakuja mwezi huu unaruka mwezi ule, nikimuuliza anasema baba huu ni wito. Namheshimu lakini ana mke na mtoto. Nimwambieje?

Salama mzee wangu, pole. Kijana wako anafanya kazi nzuri na naomba asiiache, mkakati wa nchi unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia na vijijini huko atakayewafikia ni mtu kama yeye. Ila hapo kwenye wito amechanganya. Wito ni wake na Mungu wake, mshahara ni deni la mwajiri, na Biblia hiyo hiyo kwenye Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio kinafika kwa Bwana. Kwa hiyo kudai sio kukosa imani. Aombe mkataba wa maandishi, sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, aulize michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inaenda au haiendi, aulize kwa adabu na kwa barua abaki na nakala. Uongozi wa shule ukikaa kimya apande kwa katibu wa elimu wa dhehebu lake, na makanisa yana tume yao ya pamoja ya huduma za jamii, CSSC, iliyoanzishwa 1992 na TEC, baraza la maaskofu Katoliki, pamoja na CCT, jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti, inashughulika na shule na hospitali za makanisa na ina ofisi ya kanda hapa Mwanza, hata ushauri tu wanaweza kumpa.

Jumamosi nazo azigawe, mbili za kijijini mbili za mke na mtoto. Mwambie limetoka kwa mwalimu mzee, labda litaingia kuliko likitoka kwa baba.

Mwalimu mimi nafundisha shule ya serikali Ukerewe, nimeanzisha klabu ya mazingira, naifungua kwa sala kila Jumatatu. Mzazi mmoja Mwislamu kaja kulalamika kwa mkuu wa shule. Nimeumia, mimi imani ndo inanisukuma. Nifunge klabu?

Usifunge, ila mzazi yuko sahihi mwalimu mwenzangu. Shule ni ya wote. Sala peleka kwenye kipindi cha dini na kwenye vikundi vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA, TYCS au CASFETA, huko ndo mahali pake na hakuna atakayekusumbua, klabu iache wazi kwa kila mtoto. Imani yako haitapotea kwa hilo, wataiona unavyofika mapema na unavyowabebea maji miche yao wakati wa likizo. Kichocho kimejaa visiwani huko na konokono anayekibeba hamuulizi mtoto anasali wapi, anzeni na hilo, vyoo na maji, kila nyumba linaihusu. Na Uislamu nao unafundisha kwamba binadamu ni khalifa, yaani msimamizi, wa Mungu duniani, mkaribishe ustadhi siku moja aongee na watoto wote.

Lakini kabla ya ustadhi nenda kwa huyo mzazi nyumbani, jioni, bila mkuu wa shule. Muombe radhi. Kama ni mvuvi mwombe aje na rula yake ya kupimia awaonyeshe watoto sangara wa chini ya sentimita 50 asiyeruhusiwa kuvuliwa anafananaje, na mwanae ndo awe wa kwanza kuishika hiyo rula.