Asali ya Simba: nani kaila?

SWALI: Naandika hadithi ya upelelezi nikiwatumia wanyama wa ngano zetu. Kila ninayempa asome humtaja mwizi kabla ya ukurasa wa pili. Nakosea wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Msomaji wako hapelelezi, anakumbuka. Fisi ni mlafi, Sungura mjanja, kesi imekwisha. Usizifute sifa hizo, zigeuze chambo.

Chukua ile ngano ya Zanzibar. Sungura na Buku, yule panya mkubwa, wanapanda mbuyu, wanawafukuza nyuki kwa mwenge na kula asali ya Simba. Mwenyewe anapotokea, Sungura anajificha ndani ya majani makavu, Buku anayatupa chini, mjanja anatoroka. Buku analiwa. Anzia asubuhi ya pili yake. Fisi akutwe na asali mdomoni, wote wamrukie. Ila hanuki moshi wala hana alama ya nyuki: kalamba iliyodondoka. Ushahidi wenyewe ni yale majani, yamelala mbali na shina, yamefunuliwa kutokea ndani. (Shahidi pekee, Buku, keshaliwa na Simba. Hapo usiongeze neno, acha wacheke.)

Kabla ya kuandika, panga tukio halisi saa kwa saa kwenye karatasi ya pembeni. Kwa maneno 1,500, washukiwa 3 na vidokezo 3 vinatosha. Cha mwisho kionekane kabla ya theluthi ya mwisho, la sivyo utaambiwa umedanganya. Kidokezo kikifunga aya, kinapiga kelele. Kitaje katikati ya vitu vingine viwili: majivu, majani, kibuyu kilichopasuka.

SWALI: Sungura anaweza kuwa mpelelezi badala ya mwizi?

JIBU: Ngano ileile imeshamfanya. Anarudi nyumbani, anaona nyayo za Simba, anamrudisha mkewe, kisha anaisalimu nyumba kwa sauti. Kimya. Anajifanya kushangaa: siku zote huitika, leo ina nini? Simba aliyejificha ndani anaitika! Huo ni mtego wa mahojiano kamili: mshukiwa anajifichua mwenyewe. Uhamishie kwenye kesi yako, ila nyayo zionekane kwanza, maana mtego usio na sababu husomeka kama bahati.

SWALI: Na zimwi?

JIBU: Liwekee mipaka mapema, ndani ya robo ya kwanza. Mathalani, hubadili umbo lakini sauti halibadili. Zimwi linaloweza lolote halipelelezeki.