Briarcliff ni ya kubuni, Willowbrook ilikuwepo

Je, hospitali ya Briarcliff inayoonyeshwa katika tamthilia ya American Horror Story ilikuwepo kweli? Hapana, si hospitali ya kweli. Msimu wa pili wa tamthilia hiyo ya kutisha ya televisheni ya Marekani, ulioanza kuonyeshwa Oktoba 2012, uliibuni kama hospitali ya wagonjwa wa akili iliyo chini ya Kanisa Katoliki huko Massachusetts mwaka 1964. Hata hivyo, si haki kusema kwamba yote ni uzushi. Kisa cha Lana Winters, mwandishi wa habari anayefungiwa humo, kinafanana sana na cha Nellie Bly, mwandishi wa habari wa kweli ambaye mwaka 1887 alijifanya mgonjwa ili alazwe katika hospitali ya wanawake ya Blackwell's Island, New York, akakaa humo siku 10, kisha akaeleza gazetini jinsi wagonjwa walivyomwagiwa ndoo za maji ya baridi kali. Pale Lana anaporudi na kamera katika sehemu za mwisho, anayemfahamu Geraldo Rivera, mwandishi wa habari wa televisheni, atakumbuka mara moja taarifa yake ya mwaka 1972 kuhusu Willowbrook, taasisi ya watu wenye ulemavu wa akili huko Staten Island, New York, iliyoonyesha watoto wenye ulemavu wa akili wakiwa uchi sakafuni. Kwangu mimi hayo ndiyo matukio mazito kuliko yote katika msimu huo, kwa kuwa hayakuhitaji kutiwa chumvi. Muuaji Bloody Face, ambaye katika msimu huo ni daktari wa akili, naye ana alama za Ed Gein, muuaji wa kweli aliyekamatwa Wisconsin mwaka 1957, lakini Gein hakuwa daktari, na ni yeye mwenyewe aliyeishia kufungiwa katika hospitali ya akili.